Mstari wa Jina la Pili

Kwenye fomu yetu ya watoto kuna mstari ambao sijauona kwenye fomu za wenzetu. Uko chini kidogo ya jina la mtoto, na umeandikwa: "Jina jingine alilowahi kuitwa." Wageni wanaokuja kutukagua huuliza, kwa adabu, mstari ule una kazi gani, maana kwa watoto wengi huachwa wazi. Mimi huwajibu kwa mkato kwamba uachwe kama ulivyo. Najua wakitoka nje husema yule bwana ana hasira. Hasira ninayo kweli, tangu utotoni, ila mstari ule haukutokana na hasira.

Kazi yangu hapa Tabora ni kutunza taarifa za damu. Damu yenyewe siigusi, na nikiiona kichwa kinazunguka. Ninachokijua mimi ni majedwali. Mtoto akizaliwa katika hospitali zilizo kwenye mpango wetu, hutobolewa kisigino, tone la damu likadondoshewa kwenye kikaratasi kinene, kikakaushwa na kubandikwa stika yenye namba. Stika ya pili, yenye namba ile ile, hubandikwa kwenye karatasi ya ruhusa anayopewa mama. Vikaratasi vikijaa bahasha, bahasha hupakiwa kwenye basi na kupelekwa maabara ya mbali, upande wa pwani.

Huko wanatafuta selimundu, ugonjwa ambao mtaani wanauita sikoseli. Chembe nyekundu za damu hupinda, hukwama njiani, na viungo vya mtoto vinauma na kuvimba. Kuna siku bandama inaweza kuimeza damu yake karibu yote kabla jua halijazama. Mtoto anayejulikana mapema hupewa vidonge vya kila siku, hufuatiliwa, na wengi hukua wakaenda shule. Asiyejulikana hutibiwa malaria, na malaria, na malaria tena.

Majibu hurudi kwangu yakiwa faili. Faili linajua namba ya stika, jina la mtoto, jina la mama, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa. Halijui mtoto yuko wapi leo. Inayojua hilo ni rejista ya kliniki, kule anakopimwa uzito kila mwezi, na rejista hizo nazo zimeingizwa kwenye kompyuta, ila kwenye mfumo mwingine, uliotengenezwa na watu wengine, kwa akili nyingine. Mimi niliajiriwa kuifanya mifumo hiyo miwili izungumze: kuuchukua mstari wa damu na kuupeleka kwa mwenyewe.

Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mzigo begani kutoka hapa hadi pwani, akarudi, akaenda tena. Bahasha zetu za damu zinaelekea kule kule alikokuwa akielekea yeye, na nilipenda kuwaambia watu hivyo ofisini, nikijiona mtu wa maana. Sehemu ya pili ya hadithi hiyo nilikuwa naisimulia bila kuisikia: babu aliondoka na jina moja na akarudi na jingine, na nyumbani wakalipokea bila swali. Kwetu jina si kitu cha kufungia sandukuni. Mimi mwenyewe nilizaliwa na jina moja, nikalia wiki tatu mfululizo, wakanibadilisha. Lile la kwanza mama hulitumia akinikasirikia tu.

Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo lieleweke mapema, ili msomaji asije akanionea huruma mahali pasipostahili.

Nilipotengeneza kanuni ya kuoanisha, niliweka masharti magumu. Jina la mtoto lifanane, jina la mama lifanane, tarehe ya kuzaliwa ifanane. Likikosekana moja, mstari unawekwa pembeni, kwenye orodha niliyoiita "Haijaoanishwa." Nilikuwa na sababu, na bado naiona ni sababu ya mtu mwenye akili: kumpa mtoto majibu ya mwenzake ni hatari kuliko kuchelewa. Fikiria mama mwenye mtoto mzima anaambiwa mwanao ni mgonjwa. Fikiria na yule mwingine, anayeambiwa wa kwake ni mzima.

Kingine nilichokuwa najivunia ni siri. Majina sikuyaona hata mimi. Mfumo uliyageuza kuwa mlolongo wa herufi na tarakimu kabla hayajafika kwenye skrini yangu, ili mtu wa ofisini asije akajua kwamba mtoto wa jirani ana nini kwenye damu. Nilisifiwa kwa hilo kwenye mkutano. Nilipiga picha.

Mtu mmoja tu alinipinga, naye ni muuguzi mkuu wa kliniki ya watoto hapa mjini, mama wa makamo anayekaribia kustaafu, ambaye hajui kompyuta na hajifanyi kuijua.

"Watoto wa huku majina yao yanahama," aliniambia. "Leo huyu, mwezi ujao ni babu yake. Utawapata wapi?"

"Mama, tukianza kufuata hayo hatutamaliza kazi," nilimjibu. "Wazazi wajifunze kuandika jina moja."

Aliniangalia, akaendelea kupanga kadi zake. Alikuwa amenizoea.

Mdogo wangu wa kike, tuliyezaliwa naye wawili tu, ameolewa kijiji kimoja cha ndani, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kutoka stesheni ya Igalula. Alikaa kwenye ndoa miaka sita bila mtoto, na miaka hiyo sita ilikuwa mirefu kwake. Alipopata ujauzito alikwenda kukaa kwa wifi yake upande wa Nzega, karibu na hospitali, asije akashikwa na uchungu porini. Akajifungua salama mtoto wa kiume. Akampa jina alilokuwa amelichagua tangu akiwa msichana, jina jipya, halikutoka kwa mtu yeyote.

Alinipigia simu siku ya pili. Baada ya salamu na vigelegele vya wifi yake nyuma, akasema, "Kaka, wamemtoboa kisigino. Amelia huyo."

Nilicheka. Nilimwambia, "Basi hiyo damu itapita mezani kwangu. Mjomba wake ndiye mwenye mfumo."

"Kumbe tuna mtu wetu."

"Mnaye. Kukiwa na jambo nitakwambia. Ukiona kimya, ujue ni salama."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimeegemea kiti na kikombe cha chai mkononi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama yeye ndiye aliyeuliza kwanza. Hakuuliza. Nilijitolea mwenyewe.

Walirudi kijijini mtoto akiwa na wiki tatu, na huko ndiko alikoanza kulia. Alilia mchana, akalala kidogo, akaamka analia. Walimpa ziwa akakataa, walimwogesha, walimpeleka zahanati wakaambiwa hana homa. Mama yetu, anayeishi na mimi mjini, akasema hilo si la zahanati. Tukaenda naye Jumamosi.

Walikaa ukumbini baada ya chakula, wanawake chini kwenye mkeka, wanaume kwenye viti. Mama alimpakata mtoto na kuanza kumtajia majina ya waliotangulia, moja moja, kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya kawaida kama anayemwuliza mtu anatokea wapi. Upande wa mume walitajwa kwanza, maana ndiyo haki yao. Mtoto alilia kwa kila mmoja wao. Akatajwa mpagazi wetu, kwa majina yake yote mawili, mtoto akazidisha. Shemeji yangu akasema huyu labda anamtaka refa wa mpira, watu wakacheka. Kisha mama akalitaja jina la baba yetu, aliyekuwa na miaka minne tu kaburini.

Mtoto akanyamaza. Akapiga kwikwi mara mbili, akamtazama mama usoni.

Wanaojua zaidi watasema alichoka. Labda alichoka. Mimi nilikuwepo, na nilifurahi kuliko wote, maana baba alikufa nikiwa safarini na sikuwahi kuagana naye. Nilipiga goti hapo mkekani mbele ya kitoto cha mwezi mmoja nikasema, "Shikamoo baba." Mwanamke mmoja akaitikia kwa niaba yake, "Marahaba." Mama alijifunika uso kwa kanga. Alipojifunua alikuwa anacheka, akamwambia mtoto, "Kumbe ulikwenda wapi muda wote huu, mume wangu, na kuni zimeisha?"

Tangu siku ile hakuna aliyemwita jina la hospitali. Ilikuwa kama heshima. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imelowa mvua siku ya safari ya kurudi kutoka Nzega, wakaandikiwa mpya zahanati, na juu yake likaandikwa jina la baba. Mdogo wangu naye hospitali alikuwa ameandikishwa kwa jina la mumewe, na kwenye kadi mpya akajiandikisha kwa jina la kwao. Hakudanganya popote. Kila alipoulizwa alisema ukweli wa siku hiyo.

Mimi nilirudi mjini Jumapili na Jumatatu nilikuwa mezani, naipitia kanuni yangu. Jina la mtoto lifanane. Jina la mama lifanane. Nilipiga goti Jumamosi, na Jumatatu sikukumbuka kitu.

Mama alikuwa akimpigia "mume wake" simu kila jioni, kabla hatujala. Alimshitakia kwamba mimi nachelewa kurudi nyumbani, kwamba karanga mwaka huu zimekuwa na wadudu, kwamba asije akaoa mwingine huko. Kule upande wa pili tulisikia mtoto anaguna, halafu mdogo wangu anacheka. Akimtumia michembe ya viazi vitamu vikavu, mama alisisitiza ifungwe vizuri, ni ya mume wake, wengine wasiiguse, na mtoto mwenyewe alikuwa hana hata jino.

Alipofika miezi minane, mdogo wangu aliniambia kwenye simu kwamba vidole vya mtoto vimevimba, mikono na miguu, na hataki kuguswa.

Nilimwambia labda ameumwa na wadudu. Nilimwambia ampeleke wampime malaria.

Neno selimundu nilikuwa naliandika kila siku. Nilikuwa na safu nzima yenye neno hilo, niliyoipaka rangi nyekundu mwenyewe ili ionekane haraka. Vidole vya mtoto kuvimba ni dalili ya mwanzo kabisa, imeandikwa kwenye bango lililo ukutani nyuma ya kiti changu, na picha ipo. Lakini bango lile lilihusu wagonjwa wetu, wale wa kwenye mfumo, na huyu alikuwa baba yangu, anayekunywa maziwa Igalula. Tena nilikuwa na hakika ya kimya. Kama lingekuwepo jambo, lingekuwa limeshapita mezani.

Walimpima malaria wakaikuta, wakaitibu, uvimbe ukaisha. Baadaye macho yakawa ya manjano kwa siku kadhaa, yakarudi. Akatembea akiwa na mwaka na kidogo. Akaanza kumwita mama kwenye simu kwa neno lake mwenyewe ambalo hatukulielewa, na mama akawa anadai ni "mke wangu."

Alikuwa na miezi kumi na minne. Shemeji alinipigia saa nne asubuhi kwamba mtoto ameamka amelegea, ulimi mweupe, tumbo limejaa upande mmoja, wako njiani na pikipiki. Saa saba akapiga tena. Aliposema tu "shemeji" nilishajua.

Sitasimulia mazishi. Nitasema tu kwamba mama hakulia kwa sauti kama wanawake wengine. Alikaa ameegemea ukuta, miguu ameinyosha, na watu walipompa pole alijibu neno moja lile lile, "Nimefiwa na mume mara mbili." Walidhani amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa.

Siku ya kuondoka mdogo wangu alinipa mfuko mdogo wa plastiki. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki na karatasi nyingine za mtoto.

"Kaa nazo wewe," alisema. "Wewe ndiye mtu wa makaratasi. Mimi nikiziona siwezi kufanya kazi."

Nilizifungua nikiwa nyumbani mjini, mchana, nimekaa kitandani. Karatasi ya ruhusa ya hospitali ilikuwa imekunjwa mara nne. Kwenye kona yake kulikuwa na stika yetu. Ukubwa wa ile stika niliuchagua mimi, ili isimpe tabu muuguzi kuibandua.

Nilikwenda ofisini na ile karatasi mfukoni. Niliandika namba kwenye kisanduku cha kutafuta, nikakosea, nikaandika tena. Mstari ukafunguka. Majibu: selimundu, kwa rangi yangu nyekundu. Siku yalipofika: mtoto alikuwa na miezi mitatu. Hali: haijaoanishwa.

Nikahesabu kwa vidole, ingawa kompyuta ingenihesabia. Miezi kumi na moja. Kwa miezi kumi na moja damu ya nyumbani kwetu ilikuwa ndani ya orodha ambayo kila Ijumaa nilikuwa naifungua, naangalia urefu wake, naifunga. Namba ya simu ya shemeji iliyokuwa kwenye mstari ule ilikuwa ya laini aliyoiacha zamani. Jina la mtoto lilikuwa mlolongo wa herufi na tarakimu. Hata ningeukodolea macho kutwa nzima nisingemjua, na ni mimi niliyehakikisha hivyo.

Nilipaswa kumwambia siku ile ile. Alikuwa na haki, na zaidi ya haki kulikuwa na sababu nyingine: wote wawili, yeye na mumewe, wamebeba asili ya selimundu kwenye damu bila wao kuugua, na mtoto mwingine akija anaweza kuwa nayo pia. Nilijua hayo yote. Nikakaa wiki tatu. Kila jioni nilikuwa naishika simu na kuiweka. Mama aliniuliza mbona sili, nikamwambia kazi zimezidi. Nilijiambia ngoja wamalize kwanza siku za kukaa matanga, kisha nikajiambia ngoja wavune, watu wakiwa shambani husahau. Sijui nilifikiri anasahau nini.

Jumanne moja mchana niliufungua tena ule mstari. Sikuweza kuvumilia kuuona ukiwa peke yake pale, na kadi ya kliniki ya mtoto yule yule iko kwenye mfumo wa pili, umbali wa kubonyeza mara moja. Nilifanya kitu ambacho sikuwahi kumruhusu mtu mwingine akifanye. Nilivioanisha kwa mkono, namba ya stika na namba ya kadi. Nilichukua damu yenye jina la hospitali nikaiweka kwa mtoto mwenye jina la baba. Neno lile likabadilika likawa "Imeoanishwa," kwa kijani. Nililia hapo mezani, mlango ukiwa wazi.

Nilipofuta macho niliona kwamba pembeni ya lile neno kumetokea jingine: "Ujumbe umetumwa."

Ujumbe ule niliuandika mimi. Mfumo ukishaoanisha majibu yenye ugonjwa, huchukua namba ya simu kutoka rejista ya kliniki na kumwandikia mzazi wenyewe, bila kumsubiri mtu. Wakati ule nilikuwa nimeona wauguzi wanachelewa kupiga simu. Jina linalowekwa kwenye ujumbe, na kwenye orodha ya kliniki ya siku hiyo, hutoka kwenye faili la maabara. Kwa hiyo mdogo wangu, kwenye simu yake, huko kijijini, alikuwa amepokea maneno haya: ndugu mzazi, kisha jina lile la kwanza la mwanawe, majibu ya damu ya mtoto wako yako tayari, tafadhali fika naye kliniki ya watoto Tabora mjini siku ya Jumatano.

Nilimpigia. Hapatikani. Nilipiga tena na tena mpaka jioni, hapatikani. Ningeweza kuchukua pikipiki muda ule ule. Mafuta yalikuwepo, jua lilikuwepo. Nilijiambia simu imezima kwa kukosa chaji, ujumbe hautasomwa, nitakwenda kesho kutwa nikiwa nimejiandaa. Nimesema sistahili huruma.

Jumatano asubuhi nilipita kliniki kumwomba muuguzi mkuu alifute lile jina kwenye orodha yake ya siku. Uwanjani wanawake walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi, kila mmoja na wake, wengine wananyonyesha, wengine wanagombana kwa utani kuhusu nani alitangulia. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi la tatu, karibu na nguzo. Amevaa gauni lake la kanisani. Mapajani alikuwa na mbeleko iliyokunjwa vizuri.

Aliniona, akainuka kidogo kama inavyotakiwa. "Shikamoo kaka."

Marahaba haikutoka. Nilikaa pembeni yake.

"Umekuja saa ngapi?"

"Nimetoka jana. Nimelala kwa mama mkwe, hapo Igalula stesheni. Simu imeishiwa chaji." Alinyoosha ile mbeleko kwa kiganja. "Wameniita."

"Ujumbe ule umekosewa," nilisema. "Ni kompyuta."

"Najua amekufa, kaka. Sijawa kichaa. Nimemwogesha mimi." Alisema polepole, kama anayemweleza mtu mgumu kuelewa. "Ila wamemwita kwa jina lile nililompa mimi. Tangu tulipombadilisha hakuna aliyemwita hivyo, hata mimi mwenyewe niliacha. Nikalisoma pale kwenye simu. Nikasema moyoni, tuliyemzika ni baba. Huyu labda hatukumzika."

Mwanamke wa upande wa pili alihama kidogo kutupisha nafasi, ingawa tulikuwa na nafasi.

Nikamwambia. Nilimweleza kila kitu, kwa mpangilio mbaya: stika, orodha, miezi kumi na moja, vidole vilivyovimba, kanuni yangu. Nilimwambia hakuna mwingine wa kulaumiwa, si zahanati, si hospitali, si kubadilisha jina. Alisikiliza akiangalia mbele, mahali mzani unaponing'inia.

"Kwa hiyo alikuwa mezani kwako," akasema.

"Alikuwa."

"Na mimi nilikuwa nasikia kimya, nashukuru Mungu."

Nilimwambia twende nyumbani, mama yupo, apumzike, hizi karatasi nitazimaliza mwenyewe. Nilimshika mkono. Aliutoa mkono wake taratibu, bila ugomvi, akaurudisha juu ya mbeleko.

Muuguzi mkuu alitoka mlangoni na orodha yake. Hakutuona, alikuwa anatafuta miwani kifuani. Akaivaa, akasoma jina la kwanza la siku ile, kwa sauti yake ya kuita watu wa uwanja mzima. Lilikuwa jina la hospitali, jina alilolichagua mdogo wangu tangu akiwa msichana. Alilisoma vizuri, silabi zote. Akina mama wakawa wanageukiana kutazama ni wa nani, na muuguzi akarudia kuliita.

"Tupo," alisema mdogo wangu, akasimama.